Kinoo, tumbawe na jiwe la kisima: lipi ni mwamba tabaka?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni fundi ujenzi, naishi Pongwe, Tanga. Mwezi uliopita tulichimba kisima nyuma ya nyumba. Tulipita udongo mwekundu, halafu tukagonga jiwe la kijivu, na ndani ya hilo jiwe kuna makombe. Bahari iko mbali na sisi, makombe yamefikaje huku? Mwanangu wa kidato cha pili akasema huo ni mwamba tabaka. Nikamtolea mawe mengine matatu yaliyopo nyumbani: tumbawe nililookota Raskazone, kinoo cha marehemu baba, na jiwe lenye mistari myeusi na myeupe lililobaki nilipojenga msingi Muheza. Kasema yote manne ni miamba tabaka, hasa hilo la Muheza kwa kuwa tabaka zake zinaonekana kwa macho. Ni kweli? Na miamba hii inatokeaje, na inagawanywa vipi? Picha nimekutumia."

Marahaba, fundi. Picha nimeziona. Mwanao amepata matatu kati ya manne, mpe hongera. Ila lile alilokosa ndilo alilokuwa na uhakika nalo kuliko yote. Jiwe la Muheza si mwamba tabaka. Mistari imemponza, na hakuponzwa peke yake. Nimeona watu wazima wenye vyeti vyao wakinasa kwenye mtego uleule. Nitalifikia. Kwanza tumalizane na yale matatu.

Ukimaliza kahawa chungu pale barazani, chini ya kikombe hubaki mashapo. Sisi wa jiolojia tunatumia neno hilohilo kwa maana ileile: kilichokuwa kikichukuliwa na maji, au kimeyeyuka ndani yake, kimetua chini. Upepo na barafu nao huweza kuleta mashapo, lakini huku kwetu mletaji mkubwa ni maji. Mwamba tabaka ni mashapo yaliyogeuka kuwa jiwe. Kwa hiyo mbele ya jiwe la namna hii usihangaike kwanza na rangi, wala ugumu. Uliza vitu vilivyoliunda vilifikaje hapo. Ama vililetwa kutoka kwingine, ama vilikulia papo hapo, ama vilibaki maji yalipokauka. Majina ni mengi na mengine yanavunja ulimi, lakini karibu yote yanaingia kwenye hayo matatu.

Tuanze na vinavyoletwa, na mfano tunao jikoni kwetu: Mto Zigi. Unashuka kutoka Amani, kwenye Usambara Mashariki, unapita bwawa la Mabayani ambalo maji yake ndiyo tunayokunywa mjini, kisha unaingia baharini. Kule juu mvua, joto na mizizi ya miti vinaula mwamba mchana na usiku. Watu hushangaa nikisema jiwe huoza, lakini huoza kweli, kama ubao uliosahauliwa mvuani. Madini mengi yaliyomo kwenye miamba ya mlimani hubadilika taratibu na kuwa udongo wa mfinyanzi. Moja halibadiliki kirahisi: kwatzi, zile punje zinazong'aa kama vumbi la chupa. Mwamba ukishaoza, kwatzi hubaki na kusombwa na mto. Ndiyo maana mchanga unaonunua kwa lori kujengea, ukiuweka kiganjani juani, sehemu kubwa ni kwatzi.

Sasa simama mahali mto unapoingia kwenye maji yaliyotulia. Mto ukiwa na nguvu hubeba kila kitu. Ukipungua mwendo huanza kutua mizigo, na hutua mzito kwanza. Kokoto huanguka mapema, mchanga huenda mbele kidogo, tope husafiri mpaka maji yatulie kabisa. Hakuna chekecheke inayochambua kokoto na mchanga vizuri kuliko hiyo. Na ndiyo sababu mabwawa hujaa tope.

Miamba inayotokana na vitu vilivyoletwa huainishwa kwa ukubwa wa punje, basi. Mwaka 1922 Mmarekani Chester Wentworth alipanga vipimo ambavyo tunavitumia hadi leo. Chochote kinachozidi milimita 2 ni changarawe, na humo ndani kuna kokoto, mawe na majabali. Kati ya milimita 2 na sehemu moja ya 16 ya milimita ni mchanga. Chini ya hapo ni tope laini, na chini ya sehemu moja ya 256 ya milimita ni ule mfinyanzi wa kufinyangia vyungu. Huna kipimo? Tumia meno, ndivyo tulivyofundishwa porini: tia chembe kidogo mdomoni, usage. Ikikwaruza kwenye meno, kuna punje za tope au za mchanga. Ikiteleza kama siagi, ni mfinyanzi. Mama wa nyumba yako asikuone.

Punje zenyewe hazitoshi kufanya jiwe. Wewe unajua: mchanga mkavu hausimami ukuta. Unashindilia, na unatia saruji. Ardhi nayo hufanya hayo mawili. Mashapo mapya yakizidi kuja juu, ya chini hubanwa. Tope likitua baharini linaweza kuwa na maji mengi kuliko udongo wenyewe. Likifukiwa kilomita moja, mbili, tatu, maji hukamuliwa na vibapa vidogo vya mfinyanzi hulala bapa kama mikeka iliyopangwa. Mchanga haubanwi sana hivyo, kwa sababu punje zake ni ngumu na zinaegemeana. Wenyewe huhitaji gundi. Maji yanayopita katikati ya punje huwa yamebeba madini yaliyoyeyuka, na kidogo kidogo huyaacha kwenye nafasi: wakati mwingine chokaa, wakati mwingine silika ambayo ni ndugu wa kioo, wakati mwingine kutu ya chuma. Silika ndiyo saruji bora ya zote.

Hapo tumefika kwenye kinoo cha baba. Kwenye picha yako ya karibu naona punje za kwatzi zinazolingana ukubwa, na rangi ya kahawia kati yake. Hilo ni jiwe mchanga, na kahawia ni kutu iliyozishika punje. Vinoo vya dukani siku hizi vinatengenezwa kiwandani, lakini wazee walichukua jiwe la namna hii kwa akili: kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha panga, na gundi inaachia punje moja moja zinapochakaa, mpya zinatokea. Gundi ingekuwa kali mno, kinoo kingelainika kama kigae na kisingekula chuma. Huku Tanga yapo mawe mchanga na mawe ya tope ya zama za Karoo, yenye umri unaozidi miaka milioni 200, yaliyotua nchi kavu kwenye mito na maziwa kabla bahari haijafika kabisa. Sitaapa kwamba kinoo chenu kilitoka huko. Kinoo hutembea na mwenye panga.

Angalia pia ncha za punje kwa kioo cha kukuzia. Zikiwa na kona kali, hazikusafiri mbali. Zikiwa mviringo, zimebingirishwa sana. Hata mawe yenye kokoto ndani hutenganishwa hivyo: kokoto mviringo zilizogandamana hupewa jina moja, konglomereti, na zenye kona kali jina lingine, breksia. Ukiona zege la kwako limevunjika, unaona breksia ya binadamu.

Mawe ya tope ndiyo mengi kuliko miamba tabaka mingine yote duniani, zaidi ya nusu, ingawa hakuna anayeyapiga picha. Ukitaka kuyaona yakiwa bado mabichi, nenda kwenye mikoko maji yakitoka. Kanyaga. Juu tope ni la kijivu; mguu ukizama sentimita chache unakuta jeusi linalonuka yai viza. Weusi unatokana na majani na mizizi ambayo haikuoza vizuri kwa kukosa hewa. Lifukie hilo kwa miaka milioni kadhaa utapata jiwe jeusi linalopasuka mapande membamba kama kurasa. Likifukiwa zaidi na kupashwa joto, huko ndiko mafuta na gesi huanzia.

Sasa jiwe la kisima. Hapa hakuna mto ulioleta kitu cha maana. Kombe, matumbawe, konokono wa baharini na viumbe visivyoonekana kwa macho huchukua madini yaliyoyeyuka baharini na kujijengea nyumba za kalisiti, yaani chokaa. Wakifa nyumba zinabaki, zinasagika, zinarundikana, zinashikana. Jiwe la chokaa, kwa sehemu kubwa, ni makaburi. Makombe yako hayakufika Pongwe, fundi. Pongwe ndiyo iliyokuwa baharini. Katika zama za Jurasi, miaka zaidi ya milioni 150 iliyopita, bara kubwa la Gondwana lilikuwa linachanika. Madagaska ilikuwa imeshikana na pwani yetu ya Afrika Mashariki, ikaanza kujivuta, na bahari ikaingia kwenye mpasuko. Maji hayo yalikuwa ya vuguvugu, na kwa muda mrefu hayakupata tope jingi kutoka nchi kavu, hali ambayo viumbe wa chokaa wanaipenda. Baadaye nchi ikainuka, bahari ikarudi nyuma, jiwe likabaki. Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini ya mji, yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa ya zama hizohizo. Na kiwanda cha saruji hakikuja Pongwe kwa ajili ya upepo mzuri. Kilifuata jiwe ulilogonga wewe.

Mwaka 1669 mwanasayansi Nicolaus Steno aliandika kanuni ambayo kila mchimba kisima anaijua bila kuisoma: mashapo yasipopinduliwa, ya chini yalitangulia. Lakini kwenye kisima chako kuna jambo la kuangalia. Ule udongo mwekundu wa juu si lazima uwe umeletwa. Jiwe la chokaa huwa na uchafu kidogo ndani yake, mfinyanzi na chuma. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa na kuwa asidi hafifu. Huyeyusha chokaa na kuondoka nayo, uchafu unabaki na chuma kinapata kutu. Ili kupata udongo wa kukufika kiunoni, limeyeyuka jiwe la kwenda juu mno. Ndiyo maana pia uliona, nina hakika, kwamba sehemu ya juu ya jiwe haikuwa sawa, ina mashimo na vichuguu, udongo umeingia katikati kama meno yaliyoachana.

Mawe ya chokaa nayo yana mgawanyo wake, na hapa mizani ya Wentworth haisaidii sana, kwa sababu kombe kubwa halimaanishi maji yenye nguvu. Linamaanisha tu kombe kubwa. Mwanajiolojia Robert Dunham, mwaka 1962, alipendekeza kuangalia jambo lingine: je, vipande vinaelea kwenye tope la chokaa kama zabibu kavu kwenye mkate, au vinagusana vyenyewe kama maharage kwenye gunia? Vikielea, maji yalikuwa tulivu, maana tope halikusombwa. Vikigusana bila tope katikati, mawimbi yalipiga mahali pale. Na vikiwa vimeshikamana tangu vikiwa hai, kama matumbawe, hilo ni kundi la peke yake. Napenda mgawanyo huu kuliko mingine yote. Unakupa hali ya bahari ya siku ile kwa kutazama jiwe la leo. Kwenye picha yako makombe yametengana na katikati yamejaa tope la kijivu. Bahari ya Pongwe siku ile ilikuwa shwari.

Tumbawe la Raskazone ni jiwe la chokaa pia, lakini ni mtoto mbele ya lile. Mawe ya matumbawe ya pwani yetu ni miamba hai ya zamani iliyoachwa nchi kavu. Miaka 125,000 hivi iliyopita, barafu ya ncha za dunia ilipokuwa imepungua kuliko sasa, bahari ilipanda mita kadhaa juu ya ilipo leo, na matumbawe yakakua mahali tunapotembea kwa miguu. Liangalie: bado unaona vyumba vya nyota ambamo vijidudu waliishi. Kwenye jiwe la kisima nafasi za namna hiyo zimeshajazwa na kufutika. Umri hauonekani kwa rangi, ila mara nyingi huonekana kwa nafasi zilizobaki wazi.

Waliojenga msikiti wa Tongoni, na wa Kaole kule Bagamoyo, walilijua jiwe hili kuliko sisi. Kwenye kuta walitumia tumbawe gumu la nchi kavu. Penye kuchongwa, kama kibla, mafundi wa pwani walichagua tumbawe la aina nyingine lililokatwa baharini likiwa bichi, lenye punje laini, linalochongeka kwa urahisi na kukazika likikauka. Halafu walichoma mawe kupata chokaa ya kuunganishia. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa likiungua sawasawa hutoa kilo 56 tu za chokaa hiyo; zile 44 zinapaa kama hewa ya ukaa.

Njia ya tatu, ya kukauka, nitaipita haraka kwa sababu hakuna jiwe lake mezani kwako. Pita kwenye mashamba ya chumvi, ya kwetu au ya Nunge pale Bagamoyo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila namna. Jua likiyapunguza, chokaa kidogo hutangulia kutua. Yakibaki kama sehemu moja ya tano, jasi huanza. Yakikaribia sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi ya chakula hujitokeza. Bahari au ziwa likikauka hivyo bila mtu kuvuna, tabaka hupangika kwa mpangilio uleule. Jasi inayochimbwa Makanya, Kilimanjaro, ni ya ukoo huu. Makaa ya mawe ya Ruvuma ni miamba tabaka pia, ila ni ya mimea. Na mbolea ya Minjingu inatoka kwenye mashapo ya ziwa la kale yenye mifupa ya ndege. Umeona kundi la pili lilivyo pana.

Turudi Muheza. Jiwe lako lina mistari myeupe na myeusi iliyojikunja, na inameta ukiligeuza. Tabaka za mashapo hutenganishwa na tofauti ya kilichotua: leo mchanga, kesho tope. Ukitazama mstari mweupe wa jiwe hili kwa karibu hukuti punje zilizoegemeana na gundi katikati. Unakuta fuwele zilizofumana, moja imeuma nyingine, hakuna nafasi. Hizo zilikua ndani ya jiwe likiwa tayari jiwe, chini sana ardhini, kwenye joto kali na mgandamizo ulioyasukuma madini meupe upande mmoja na meusi upande mwingine. Ni mwamba uliogeuzwa, naisi kwa jina, wa ukanda uleule uliojenga Usambara, na uligeuzwa mamia ya mamilioni ya miaka kabla makombe ya Pongwe hayajazaliwa. Na tazama mzunguko: jiwe hilo likioza ndilo linalotoa kwatzi za mchanga wa Zigi.

Mwambie mwanao ajaribu mwenyewe. Achukue msumari, akwaruze mawe yote manne. Kisima na tumbawe yataachia unga mweupe. Kwenye kinoo na kwenye mistari mingi ya jiwe la Muheza, msumari ndio utakaoacha alama ya chuma. Kisha unga wa yale mawili audondoshee ndimu au siki, asikilize karibu na sikio. Ukichemka povu ni chokaa. Kwenye kinoo povu likitokea kidogo, basi gundi yake ina chokaa, na jiwe bado ni jiwe mchanga. Asitumie asidi ya betri. Mimi nilijaribu ujanani, nikapata hasara mbili: suruali ilitoboka, na jibu likawa la uongo, kwa sababu asidi ile ikigusa chokaa hutengeneza utando wa jasi juu yake, povu linakatika mapema ukadhani jiwe si chokaa.

Jambo moja hukuuliza, lakini kisima kimeshachimbwa. Maji kwenye jiwe la chokaa hayachujwi kama kwenye mchanga. Yanapita kwenye mipasuko kama kwenye bomba, na yanaweza kutoka mbali kwa siku chache. Choo chako na cha jirani viwe mbali na kisima kuliko ulivyozoea kupima mahali pa mchanga, na maji yachemshwe. Ukiyachemsha miezi miwili mitatu, chungulia ndani ya birika. Utakuta ukoko mweupe umeshika chini. Kwangua kidogo, mpe mwanao audondoshee ndimu.